Vifungo vya Mke Wangu Vimekuwa Pesa Shuleni

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijabaki na fulana, na sitanii, maana naandika nikiwa nimefunga shati kwa pini tano chini ya sweta. Mimi ni mwalimu wa uchumi, kidato cha tatu, na kwa miaka kumi na moja nimefundisha mahitaji na ugavi mbele ya watoto waliolala fofofo, mpaka nikaenda semina tukaambiwa tufundishe kwa michezo, wanafunzi wafungue soko darasani, wauziane, wajionee wenyewe bei inavyopanda na kushuka, nikasema haya ndiyo maneno, ila soko linataka pesa za bandia na shule haina hata karatasi za mtihani, basi nikachukua kopo la vifungo vya nguo vya mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, nikijiambia nitalirudisha Ijumaa, na hiyo Ijumaa imepita mara sita.

Mshauri, mchezo ulikolea! Waliokuwa wakisinzia wakaanza kufika kabla ya kengele, mmoja akakodisha kiti cha dirishani, mwingine akauza zamu za kufuta ubao, na msichana wa dawati la nyuma, ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu aanze shule, akafungua benki, sasa tunamwita Gavana, hata mkuu wa shule anamwita hivyo. Kisha vifungo vikawa adimu, wakaanza kukata vya mashati yao, kidato cha pili wakaiga, na leo shule nzima inatembea imeshika vifua. Mwalimu wa hesabu amekatwa kifungo cha suruali huku akisahihisha madaftari. Mkuu wa shule alikuja kunikemea, akadaiwa kiingilio mlangoni, akasonya, akaondoka, na baada ya dakika mbili akarudi koti likiwa halina hata kifungo kimoja, akakodi kiti cha dirishani mpaka kipindi kikaisha. "Mwalimu," akaninong'oneza, "kumbe mfumuko wa bei ndio huu! Usithubutu kuacha." Mimi mwenyewe hulipa kiingilio, ndiyo maana ya hizi pini.

Nilijaribu kufunga soko, Gavana akasimama kwa heshima zote, akaniuliza, "Samahani mwalimu, sasa sisi tulioweka akiba tutakuamini tena?" Nikalifungua tena. Na kweli mtihani wa majaribio wamefaulu wote isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mgonjwa.

Balaa liko nyumbani. Mke wangu anatakiwa kukabidhi sare thelathini za wauguzi Jumamosi hii, vifungo hana, na madukani vimekwisha kwa sababu wanafunzi wangu wamevinunua vyote. Anasema kopo limeibwa, na anamshuku mama yangu, ambaye tunaishi naye na ndiye anayetufulia, na wiki ya tatu sasa hawasemezani, nami nimenyamaza. Naomba ushauri, niufunge mchezo watoto warudi kulala, au niuendeleze mpaka mtihani wa mwisho?

Mwalimu wa Pini

*

Mwalimu,

Nimemwomba mhariri aitoe barua yako haraka, kabla ya hiyo Jumamosi. Nilicheka mpaka nikamwaga chai, kisha nikafika mwishoni na kicheko kikanikauka. Kurasa tatu za bei ya vifungo, na mama mzazi umempa mstari mmoja! Anaitwa mwizi ndani ya nyumba yako, nawe una ulimi na unajua kopo liko wapi. Huo si woga, baba, huo ni utovu wa adabu.

Tumalize la shule, maana ndilo jepesi. Mchezo usiufunge. Gavana amekuuliza swali zuri kuliko lako, na watoto wameamka, waache macho. Wewe badilisha pesa. Kesho asubuhi tangaza kwamba Ijumaa saa sita mchana vifungo vinakoma kutumika, na kila mwenye navyo avipeleke benki apewe kipande cha karatasi chenye muhuri wa shule, kimoja kwa kimoja. Utaona watakavyopigana vikumbo. Karatasi atatoa mkuu wa shule. Mtu aliyevua vifungo vya koti kwa ajili ya kiti cha dirishani hana uso wa kukataa. Gavana ndiye apokee na kuhesabu, wewe usiguse, mkono wako tunaujua. Vya mashati virudi kwenye mashati, na cha suruali ya mwalimu wa hesabu kitangulie. Vile walivyonunua dukani uwalipe wewe kutoka mfukoni mwako. Vilivyobaki vyote ni vya mkeo, na kama atakubali, darasa zima lishike sindano Ijumaa jioni, limsaidie kushona.

Hayo ni ya Ijumaa. Ya leo ni mengine. Waite mkeo na mama yako mahali pamoja, si mmoja jikoni na mwingine sebuleni, useme, "Kopo nililichukua mimi." Usianze na semina. Usitaje ugavi. Mkeo akikurushia mkasi, inama, kisha endelea kuomba radhi. Na yeye pia ana la kumwambia mama mkwe wake, lakini kwa hilo asubiri zamu yake.

Bado kuna jambo moja, na nadhani hujaliona. Umesema mama ndiye anayefua. Mkeo umemficha kwa sweta, sawa, lakini mama yako analishika shati lako kila wiki, analisuuza, analianika, na lina matundu matano yasiyo na kifungo. Yeye ndiye aliyekufunga vifungo ulipokuwa darasa la kwanza. Anajua, mwalimu. Amejua muda wote huu, na ameona afadhali yeye aitwe mwizi kuliko wewe.

Ukifika nyumbani leo, kabla hujavua viatu, anza na yeye.