Waliobeba Matuta Yetu

Isansa, Mbozi
4 Januari

Kwa kaka yangu mpendwa Hezron,

Salamu nyingi zikufikie huko Mpemba, wewe, wifi Goodness na watoto. Natumaini hamjambo. Sisi tu wazima, isipokuwa mama, ambaye miguu bado inamvimba, ingawa tangu tulipotoka hospitali Vwawa anakula vizuri. Kila jioni katika sala anakutaja wewe kwanza, nami nilikuwa naitikia amina kwa moyo wote.

Nikupe habari za shamba. Unakumbuka lile la mteremkoni, baba alivyotufundisha kufukia majani kwenye matuta mvua zikielekea kuisha, yaoze kiangazi chote, ndipo tuyabomoe na kupanda. Mwaka jana niliyainua matuta yale peke yangu mpaka viganja vikatoka malengelenge, na udongo ulikuwa mweusi, laini, hata ungetamani kuulamba. Tuliporudi kutoka hospitali sikukuta tuta hata moja. Palikuwa na alama za matairi ya lori na ardhi nyekundu tupu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewarahisishia wezi kazi, maana waliukuta udongo umekwisha kusanywa, wakapakia tu.

Mvua ya kwanza iliponyesha, maji hayakuzama. Yalipita juu juu, yakaondoka na mbegu zangu, yakaingia kwenye kisima cha bondeni, na mpaka leo tunachota tope. Mahindi niliyorudishia yamedumaa, ya njano. Mwaka huu sijui mama atakula nini. Majirani wanasema udongo ule utachukua miaka mingi kurudi, nami nawaamini.

Kwa kuwa simu yangu hupokei, mama alisema nije kwako unishauri. Nilikuja, kaka, wiki iliyopita. Hukuwepo. Wifi alinipokea vizuri, akanipikia chai, kisha akanitembeza kuona bustani yake mpya ya maua. Akaniambia kwa furaha kwamba ni wewe uliyemletea udongo huo, kutoka shambani kwako. Niliinama nikaushika. Ulikuwa bado na vipande vya mabua niliyoyafukia mimi.

Nilimaliza chai nikaaga. Njia nzima nilikuwa naikumbuka simu yako, ulipouliza mimi na mama tutalala Vwawa siku ngapi. Siku ile nilifurahi. Nilimwambia mama aone mwanawe anavyomjali. Umeniumiza, Hezron, na sijui nitakuitaje kaka tena mbele za watu.

Mama sijamwambia. Anaamini walioiba ni watu baki. Amenituma nikuandikie uje Jumapili, usimame kanisani kwa niaba ya nyumba ya baba, uwaombe washirika wamtaje mwizi wanayemjua. Nimemwambia utakuja. Nitakaa naye kiti cha mbele, akusikie vizuri.

Wabusu watoto, na wifi mwambie namshukuru kwa chai. Yeye hana kosa.

Ni mimi mdogo wako,
Enesi