Wino Mwekundu kwenye Ukurasa wa Kerubo

Jumatatu, 8 Machi 1954

Mvua tangu alfajiri. Foleni imefika barabarani. Vidonda vya buba, buba, kikohozi, mtoto aliyeungua kwa uji, buba tena. Sindano tatu zimepinda na mpya hazijaletwa. Mgongo umekufa. Miaka kumi na mmoja ya udresa, kufunga vidonda na kudunga sindano, sita yake hapa Gesima, na bado mimi ni mgeni kutoka ziwani.

Saa sita wakamleta Mwalimu Kerubo, ndugu zake wanne, kwenye machela ya miti. Binti wa Mzee Nyamweya mwenye shamba la pareto. Anafundisha darasa la kwanza. Miguu imekataa kabisa.

Nikafungua daftari la wagonjwa. Ukurasa wake upo. Desemba, mwandiko wangu, wino mwekundu, herufi kubwa: AMEPONA. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 9 Machi

Nimempima upya, nikatuma damu yake Kisii ipimwe. Nilimchoma pini kwenye nyayo, hasikii. Kwenye paja anasikia kwa mbali. Kichwa ni kizima, anajibu kwa ufasaha kuliko mimi.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna atakayesoma. Mwaka juzi jicho la kulia lilimuuma na kufifia. Likarudi lenyewe. Mwaka jana mikono ikafa ganzi, akashindwa kushika chaki. Nikamdunga vitamini wiki tatu. Mikono ikarudi. Nikajipiga kifua mbele ya ukoo mzima, nikala kuku wao. Lile jicho sikulikumbuka hata kidogo. Lilipona bila sindano yangu.

Domo langu hili.

Ijumaa, 12 Machi

Baiskeli hadi Kisii mjini. Pancha kabla ya Daraja Mbili, nikaisukuma katikati ya mikungu ya ndizi na matope. Daktari wa Kizungu alinipa dakika tano akiwa amesimama. Damu ya Kerubo ni safi, si kaswende. Basi ni hofu za kike, akasema, aolewe tu.

Nikamwonyesha orodha yangu: jicho, mikono, miguu. Inakuja, inaondoka, inarudi. Akasema uko ugonjwa wa namna hiyo, lakini ni wa Wazungu, wa nchi za baridi. Nikamwambia hata Gesima kuna baridi. Hakucheka.

Ila kitabu ameniazima. Kizito kama tofali. Nimepanda nacho mlima wote.

Jumapili, 14 Machi

Nimesoma kutwa. Kiingereza kigumu, macho yanawasha. Lakini ni yeye! Kila mstari ni Kerubo. Ngozi inayofunika mishipa ya fahamu huharibika hapa na pale, kwenye ubongo na uti wa mgongo, ikaacha makovu. Mgonjwa hupata nafuu, halafu huanguka tena. Na joto humzidishia.

Alasiri nikaenda kwao. Nikamuuliza kuhusu moto wa jikoni. Akashtuka. Akikaa karibu na mafiga lile jicho huingia ukungu, akitoka nje ukungu huondoka. Hakuwahi kumwambia mtu, alidhani watasema amerogwa.

Nilifurahi. Nilifurahi kwa dakika nzima, aibu iliyoje. Halafu nikafungua ukurasa wa dawa. Hakuna dawa.

Sikumwambia.

Jumatano, 17 Machi

Mzee Nyamweya amekuja dispensari mwenyewe. Hakuketi. Wamemwita omobari, fundi wao wa kupasua vichwa. Huchana ngozi, akakwangua mfupa wa fuvu mpaka atoe kibaya. Nimewaona aliowatibu wakatembea miaka mingi. Nimewaona pia walioletwa kwangu na usaha. Mmoja nilimfunika shuka mimi mwenyewe.

Nikamwambia Mzee, kichwa cha Kerubo hakina kitu cha kukwangua. Akanyoosha kidole kwenye daftari.

"Ulisema mtoto yangu amepona. Ukaandika. Sasa nikuamini kwa nini?"

Jumatatu ndiyo siku ya kupasua.

Ijumaa, 19 Machi

Wagonjwa wengi mno. Nimechoka hata kula. Nikimwambia Mzee kwamba bintiye haponi, atamkimbilia fundi haraka zaidi. Nikinyamaza, Kerubo atapasuliwa. Nikidanganya tena, nitakuwa mtu gani?

Jumatatu, 22 Machi

Nilifunga dispensari bila ruhusa. Nikifukuzwa, shauri yangu.

Nimemkuta Kerubo ameketi kwenye kigoda uani, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Omobari ni mtu mfupi, mpole, kucha safi kuliko zangu. Visu vyake amevilaza juu ya jani la mgomba. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa. Alipapasa fuvu polepole kwa kidole gumba, akitafuta ufa. Akauliza, Kerubo aliniambia baadaye, kama aliwahi kuanguka. Kama alipigwa. Kama ugonjwa uliwahi kuja na kuondoka. Yule daktari wa Kisii mjini hakuuliza hata moja.

Halafu akanitazama mimi. Hajui Kiswahili, na Ekegusii changu ni cha kununulia mayai. Mzee akageuza uso, hakutaka kufasiri. Basi Kerubo akasema, "Sema, Bwana Dresa. Mimi nitamfasiria."

Nikasema. Kwamba sikumponya Desemba. Ugonjwa uliondoka wenyewe, nikajitwalia sifa. Kwamba upo ndani ya ubongo na uti wa mgongo, mfupa hauna kosa. Kwamba huenda miguu ikarudi. Kwamba baadaye utampiga tena, na mimi sina dawa, na aliyeandika kitabu hana.

Alifasiri yote. Sentensi kwa sentensi, sauti ya darasani. Kwenye ile ya mwisho alikwama, akaimalizia. Mama yake akaingia ndani.

Omobari akavikusanya visu vyake. Hapasui mfupa usio na ufa, akasema kupitia kwa Kerubo. Na akikwangua leo, miguu ikarudi yenyewe, ataimbwa kwa kazi asiyoifanya.

Nilitaka kuketi chini. Hakuna aliyenipa kiti.

Jumamosi, 10 Aprili

Sabato. Mzee Nyamweya alipita karibu nami kanisani kama apitaye kisiki. Foleni imepungua. Wanasema dresa mwenyewe amekiri hajui kitu. Wengine wanatembea hadi Nyamira mvuani kunikwepa.

Mgongo ungepaswa kushukuru. Haushukuru.

Alhamisi, 6 Mei

Buba. Kikohozi. Jua kidogo.

Saa nne Kerubo aliingia kwa miguu yake, na fimbo, akiburuta kidogo mguu wa kushoto. Nywele zimeota upana wa kidole kimoja. Alipanga foleni kama wengine, akakataa kupitishwa mbele. Mzee alibaki nje, lakini aliniinulia kofia.

Akaomba daftari. Nikampa. Alitazama ile AMEPONA muda mrefu, akanyoosha mkono kutaka kalamu nyekundu. Akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, kama anavyokata hesabu ya mtoto aliyekosea. Chini yake akaandika tarehe ya leo, na: Nimetembea kutoka nyumbani.

Akaniuliza kama ataruhusiwa kuandika mwenyewe kila mwezi, hata miezi mibaya.

Nikasema ndiyo. Nimemtengea kurasa ishirini.