Jino Lililochagua Mlima

Mwaka umetimia, Mama Ephrasia Kokubanza, tangu ututoke hapa Buganguzi, ndizi za mchana zikiwa bado hazijainjikwa. Hata leo mgeni akiingia tunatazamana nani atamkaribisha akamwani, maana kazi hiyo ilikuwa yako. Hakuna aliyeanza habari zake kabla hujamtilia kiganjani hiyo akamwani, punje za kahawa za kutafuna, nawe ukitafuna naye huku umemkazia macho.

Kisha yakaja maswali. Uliuliza wewe, Mama! Ulimuuliza fundi redio sauti inalala wapi, ukamuuliza padri kama malaika husikia baridi. Padri alicheka mpaka akapaliwa, na wewe ukangoja jibu.

Miezi ile ya mwisho ulilalamikia jino, gego la chini kushoto. Lilikuuma ukipanda kilima kutoka sokoni, ukiketi, linanyamaza. Sote tukailaumu kahawa. Ukaacha kutafuna, ukawa unawapa wageni na mdomo wako mtupu, na tuliona hilo linakuuma kuliko jino lenyewe. Daktari wa meno aliligonga, akasema ni zima. Ukarudi unacheka: "Waitu, jino gani hili linachagua mlima?" Nasi tukacheka.

Siku ile ulikuwa unamenya ndizi. Ukasema umechoka ghafla, tumbo linachafuka, na jasho likakutoka, jasho la baridi. Tukasema malaria, tukakufunika blanketi. Hukushika kifua wala hukupiga kelele. Ulikata roho tukiwa tunakuchemshia uji.

Sabina, binti yako, hakutulia. Alimwendea daktari Bukoba mjini, akamuuliza swali lako kama ulivyoliuliza. Daktari hakucheka. Alisema moyo nao hulishwa na mishipa yake, na mishipa hiyo ikijaa mafuta, damu hupita kwa shida. Ukiwa umekaa, hiyo kidogo inatosha. Ukipanda mlima moyo unadai zaidi na haupati, na maumivu yake yanaweza kusikika kwenye taya, bega, mkono au mgongo, kwa sababu njia za maumivu hukutana kabla ya kufika kwenye ubongo. Kwa wanawake, mara nyingine huja uchovu na kichefuchefu, kifua kisilalamike sana. Mshipa ukiziba kabisa, ni kukimbilia hospitali, si kungoja jasho likauke.

Presha nayo ilichangia, ile uliyoimezea dawa siku ukijisikia vibaya tu. Kahawa haikuwa na kosa. Ungeyapenda maelezo hayo, Mama, na ungemchosha daktari hadi jioni. Inatuuma kwamba jibu lilikuja wewe hupo.

Msimu huu wa kuchuma kahawa, kaka yako Eliud, kule Kanazi, alimwambia bintiyo Immakulata kwamba magunia yamemchosha bega.

"Ukiketi, linaacha?"

"Linaacha. Ni uzee tu, mwana wange."

"Mjomba, panda pikipiki. Tunakwenda hospitali."

"Na kahawa niliyoanika? Mvua hiyo inakuja."

"Inyeshewe."

Ikanyeshewa kweli, na anaisema mpaka leo. Lakini vipimo vilionyesha mshipa wa moyo umebana. Sasa anameza dawa kila siku, si akijisikia vibaya tu. Sigara ameacha, na chakula kisicho na chumvi nyingi anakila kwa kununa.

Misa ya kukuombea itasomwa nyumbani Jumamosi. Akamwani itakuwepo, na watu watafune kwa amani. Eliud ameomba jina lake litangulie hapa chini, hata mbele ya mumeo. Tumemkubalia, na mzee hakubisha.

Unakumbukwa na kaka yako Eliud, ambaye yuko hai. Mumeo, Mzee Rwegoshora. Wanao Sabina na Immakulata. Wajukuu zako, na majirani wa Buganguzi.

Hatutakusahau kamwe, Mama.