Kifungo cha Shati la Bluu

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu nyingi kushinda kelele za cherehani yangu. Hujambo? Kifua kimepona? Sisi wazima. Mke wa fundi bomba kanunua kochi, limekataa kuingia mlangoni, sasa wanakaa uani kama abiria.

Nina jambo linaniwasha. Shemeji yako karudi safari na lori lake, lile shati la bluu lina kifungo kipya. Mie sikukishona. Namuuliza, "Baba watoto, nani kakushonea?" Eti, "Vifungo siku hizi vinakatika ovyo." Namuuliza tena, ananambia barabara ina vumbi. Na shati hataki nilifue, analifua mwenyewe. Mwalimu mpangaji wetu akacheka: "Mama, mumeo ni evasive." Nikaona haya kuuliza. Wewe uliyesoma niambie, ni ugonjwa au tusi? Wivu wangu unaujua, mie hata mto akiukumbatia sana tunagombana. Njia yake si inapita mji wenu? Hujamwona na mwanamke? Na kwako huwa anafika? Maana tangu uhamie huko, sisi wote hatupajui.

Dada yako

Tarehe 10 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona kabisa. Hilo kochi limenichekesha mpaka machozi.

Neno hilo si ugonjwa. Ni mtu anayekwepa swali. Hadanganyi, anasema kweli, ila siyo ile aliyoulizwa. Unamuuliza, "Umekula?" Anakujibu, "Chakula kilinukia." Hata jibu lenyewe huitwa hivyo, hata macho.

Shemeji ni mchapakazi, dada. Barabara hii ndefu na madereva ni wengi. Huku mvua zimeanza. Usijiumize roho.

Mdogo wako

Tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima, kochi bado liko uani. Neno lako nimelipenda. Nilimuuliza muuza nyanya kama ni za leo, akasema, "Hizi tamu, mama." Nikamwambia wewe ni evasive. Akaniongezea mbili.

Halafu nikairudia barua yako. Kifua umejibu. Kochi umejibu. Nilipouliza kama anafika kwako, ukanipa mvua.

Jana kalala, nikalichukua lile shati. Fundo limefichwa chini ya kifungo, uzi umezungushwa shingoni ukakazwa. Ndivyo alivyoshona marehemu mama, na alitufundisha sisi wawili tu. Mkono wangu naujua. Na wako naujua, mie ndiye niliyekuwa nakushikia sindano.

Sikuulizi tena, usije ukanieleza na jua. Kifungo cha pili nacho kimelegea, nimeona ukimalizie mwenyewe. Shati nimelikunja vizuri nikampa asubuhi, nikamwambia, "Mpelekee mdogo wangu."

Kalipokea, kapanda lori. Hakuniuliza unakaa wapi.

Mke wa shemeji yako