Kupe wa Shamba la Kijiji

Mjukuu wangu Adela,

Marahaba. Hapa Mugoma hatujambo, babu yako yuko kwenye migomba yake.

Umeniuliza kama ulikosea kumfukuza binti wa kazi uliyemkuta amelala mchana. Barua yako imenipandisha hasira.

Wakati wa vita na Uganda nilikuwa msichana. Niliugua malaria, nikameza klorokwini, mwili mzima ukaniwasha. Zahanati wakanipa piritoni. Muwasho ulipotulia nikaenda kupura maharage kwenye shamba la kijiji. Usingizi wa vile vidonge ukaniangusha palepale juu ya maganda. Mwenyekiti akaniamsha kwa mguu, mbele ya watu wote.

“Vijana wetu wanakufa vitani, wewe unalala! Kupe mkubwa!”

Hakuna aliyeniuliza nimemeza nini. Jina la Kupe nikalibeba mpaka nikaolewa. Yule mzee tumemzika zamani, na bado sijamsamehe.

Sasa barua yako ninayo mkononi. Umeandika mwenyewe kwamba binti aliamka na mafua, ukampa piritoni mbili, ukaenda kazini.

Mtafute, Adela. Usinisalimie tena kabla hujamrudisha.

Ni mimi bibi yako,
Kupe