Majina Ambayo Sikuyaandika

Kasulu, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi goti, limepoa au bado linakusumbua ukipanda shambani? Na ng'ombe kazaa? Mimi mzima, nimekonda kidogo tu, usianze kulia.

Mama, nimepita! Sista Editha, muuguzi anayenisimamia hapa kambini Mtabila, amesaini barua yangu ya chuo. Sasa wa chuoni wasiniambie tena eti saikolojia haisomwi na mtu asiyewahi kukaa na wagonjwa. Nimekaa nao miezi sita, na nusura kalamu iniponze.

Kazi yangu ni kuwatembelea wakimbizi waliozidiwa na huzuni, niongee nao, nijaze fomu. Kuna mama mmoja Mrundi, hapiki, hali mpaka jirani amlazimishe. Nikifika ananikaribisha vizuri, "Amahoro, mwana wanje," yaani amani, mwanangu, ananipa kigoda. Nikitoa fomu tu, kimya. Wiki tano, Mama! Nikamkasirikia moyoni, nikasema huyu ataniharibia. Naona aibu hata kukuandikia.

Jirani ndiye aliyenifungua macho. Siku ya kuandikishwa, yule mama aliulizwa watoto wako wapi, akasema walifia njiani. Karani akachukua rula na kalamu nyekundu, akayakata majina yao yote matatu kwenye karatasi huku mama anaangalia. Na mimi kila Jumanne namjia na kalamu!

Jumanne iliyofuata nikaenda mikono mitupu. Maharage ya mgawo yalikuwa kwenye ungo, hayajaguswa. Nikaanza kuyachambua, naye akasogea. Akawa anaviangalia vidole vyangu.

"Weye unajua. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu, tena kwa makofi."

Akacheka! Kabla ungo haujaisha akaanza kunisimulia wanawe, mmoja mmoja, kwa majina, nani mtundu, nani alikuwa hapendi maharage. Tukalia wote wawili. Kisha akanishika mkono: "Usiwaandike." Nikaapa.

Fomu nikampelekea Sista ikiwa tupu.

"Huyu bado hajasema?"

"Amesema, Sista. Nimemwahidi siandiki."

Alinitazama mpaka nikaona chuo ndiyo basi tena.

"Anakula?"

"Jana kapika mwenyewe. Na mimi kanipakulia."

Akavuta barua yangu, akasaini. Mama, nilitoka nje mbio kwa furaha.

Nisalimie shangazi na cherehani yake, na baba mdogo wa kwaya. Neema mdogo wangu mwambie sasa zamu ya maharage ni yake, asikwepe.

Najua utataka majina ya wale watoto uwaombee kanisani. Waombee hivyo hivyo, Mama, watatu. Majina yao ninayo, lakini hata wewe sikuandikii.

Mwanao akupendaye,
Anna