Asta Si Majani

Jumatatu, 7 Aprili
Nimemwagilia maua yangu ya asta tena kabla ya chai. Majerikani manne ya maji. Mgongo unauma. Tangu Septemba nazilea kwenye mteremko ulio mbele ya nyumba yangu, hapa Arua Hill. Mwaka jana mvua ilikula udongo hadi kwenye nguzo ya baraza. Maua haya hayarefuki, yanatambaa. Yakishikana kabla ya mvua kubwa, nyumba imepona.

Jumapili, 13 Aprili
Mvua! Nilisimama barazani bila viatu. Maji yalishuka meupe, hayana wekundu wa udongo hata kidogo. Asta zimeshikana! Nilipiga kelele, binti yangu Amina akadhani nimeanguka.

Jumanne, 22 Aprili
Matumba kila mahali, mengine yanaonyesha zambarau. Jumamosi watu wa Koboko wanakuja kumposa Amina. Watapanda mteremko katikati ya maua yangu. Sikai chini kwa furaha. Dada Hawa amefika kutoka Kuluba kusaidia maandalizi.

Alhamisi, 24 Aprili
Natoka msikitini alfajiri, nasikia ufagio. Dada keshang'oa nusu ya mteremko. Udongo mtupu, umefagiwa.
"Mimi natoa majani yote," akasema, amejaa fahari. "Watu ya posa nakuja, wewe naacha nyoka nalala kwa mlango?"
Kwetu kiwanja kisicho na jani ndiyo heshima ya nyumba. Mama alitulea hivyo. Lakini hasira! Nilijifungia chooni kwanza. Nilipotoka nikamwambia ukweli: hizi ni asta, si majani, ndizo zinazoshika udongo. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Halafu akainuka, akaenda jalalani kuziokota. Mizizi bado mbichi. Mkulima ni yeye: kila shina alilipasua vipande vitatu, akakata matumba ili mizizi ishike. Tumepanda hadi adhuhuri.

Jumamosi, 26 Aprili
Posa imekubaliwa! Mvua ilinyesha wageni wakiwa ndani. Nilichungulia dirishani mara kumi. Upande wangu zambarau tupu, maji meupe. Upande wa dada vijiti vilivyonyauka, maji mekundu kidogo. Ila hakuna mche uliong'oka. Hata mmoja! Babu wa bwana harusi aliuliza mbona nusu ina upara. Dada akawahi kujibu, "Ile iko yangu. Nachelewa tu."

Jumatatu, 28 Aprili
Dada Hawa ameondoka na gari la kwanza la Koboko, kurudi Kuluba. Alifagia kabla ya kwenda. Alama za ufagio zinazunguka kila mche, mmoja mmoja.